Safari ya Dar es Salaam hata Nairobi: Ni Mbali Gani, na Ni Saa Ngapi?

Liko swali moja ambalo watu huliuliza upesi, na kulijibu upesi zaidi, nalo ni hili: Toka Dar es Salaam hata Nairobi ni mbali gani? Mtoto wa shule hujibu kwa kilomita, msafiri wa basi hujibu kwa kutwa nzima, na mwenye tikiti ya eropleni hujibu kwa dakika. Kila mmoja asema kweli, walakini majibu yao hayafanani hata kidogo. Sisi nasi tulikuwa tukijibu upesi vivyo hivyo, hata ilipotujia siku ambayo jibu letu lilituaibisha mbele ya ndugu yetu wa damu. Kwa hiyo tumeona yafaa kuyaandika mambo haya, ili watu wa nyumbani na walimu wa shule wapate kuyapima wenyewe, kila mtu kabla hajaahidi saa atakayofika.

Dada yetu, anayetufuata kwa kuzaliwa, akaa Nairobi. Ni mjane, na watoto wake ni watatu. Siku moja ya Jumanne, yapata saa 2 usiku, alitupigia simu akatuarifu kwamba waganga wameamua kumpasua tumboni siku ya Alhamisi, saa 8 mchana. Sauti yake ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia asilie. Akasema, "Kaka, nataka nikuone kabla sijaingizwa chumba cha kupasuliwa. Liko neno la watoto." Nasi tulimjibu kwa moyo mkunjufu kwamba asihofu, maana kwa eropleni ni saa 1 na dakika 20 tu, na bila shaka atatuona.

Usiku ule ule ndugu yetu kitinda mimba alikuja nyumbani kwetu, akasema, "Kaka, basi la Nairobi huondoka alfajiri. Twende pamoja." Tukamcheka kidogo. Tukamwambia kwamba haifai mtu kukaa kitini kutwa nzima ilhali iko njia ya saa moja na kitu. Yeye hakubisha, maana ni mtu wa maneno machache. Akaenda zake kufunga mzigo, na alfajiri ya Jumatano, saa 11, alipanda basi.

Sisi tulikwenda asubuhi ile kununua tikiti. Nafasi zilizobaki za Jumatano bei yake ilitushinda. Ikapatikana moja ya siku ya pili, Alhamisi, eropleni iondokayo saa 4 asubuhi. Tukapiga hesabu hivi: tukiondoka saa 4, tutashuka saa 5 na dakika 20, dada yetu ataingizwa saa 8, basi tunazo saa mbili na nusu na zaidi za kukaa naye. Hesabu hiyo tuliiona ni nzuri, tukalipa, tukarudi nyumbani kulala.

Siku ya Alhamisi mvua na ukungu vilikuwa vingi huko Nairobi, na eropleni ikachelewa kuondoka muda wa saa moja na nusu. Tulishuka saa 7 kasoro dakika 10. Kukaguliwa pasi na kungojea mzigo kulitushika dakika 50. Kisha njia ya kwenda mjini ilikuwa imejaa magari, tukakaa ndani ya teksi muda wa saa moja na robo. Tulipofika mlango wa hospitali ilikuwa saa 9 kasoro dakika 5. Dada yetu alikuwa amekwisha kuingizwa kwa dakika 55. Kwenye benchi tulimkuta kitinda mimba wetu, amekaa na watoto wale watatu. Yeye alikuwa amefika Nairobi usiku wa jana, saa 3 na nusu, na tangu asubuhi alikuwa ameketi karibu na kitanda cha dada yake.

Sasa twaomba msomaji ahesabu pamoja nasi. Tangu simu ilipopigwa, Jumanne saa 2 usiku, mtu wa basi alifika Nairobi baada ya saa 25 na nusu. Sisi watu wa eropleni tulifika mlangoni baada ya saa 43 kasoro dakika 5. Je, ni kipi kilichokuwa na mbio?

Tangu siku ile tumeketi mara nyingi na ramani, na kalamu, na orodha za safari, tukaona ya kwamba umbali wa miji hii miwili una vipimo vitatu, na kila kimoja chafaa kwa kazi yake. Makosa yetu yalikuwa kuchukua kipimo cha kazi moja na kukitumia kwa kazi nyingine.

Kipimo cha kwanza: ramani

Kipimo hiki ni mstari ulionyoka, ambao mtu angeupita kama hakuna mlima, wala mto, wala mpaka. Walimu waweza kuwafundisha watoto kuupata wenyewe bila chombo cha ajabu. Wenye elimu wameigawanya dunia kwa nyuzi, ambazo shuleni huitwa pia digrii. Dar es Salaam iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi 6.82, na Nairobi kwa nyuzi 1.29. Tofauti yake ni 5.53. Uzi mmoja ni kama kilomita 111, basi Nairobi iko kaskazini ya Dar es Salaam kwa kilomita 614 hivi.

Tena, Dar es Salaam iko upande wa mashariki zaidi. Nyuzi zake za mashariki ni 39.28, na za Nairobi ni 36.82, tofauti yake ni 2.46. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, uzi wa upande huu nao ni karibu kilomita 111, basi Nairobi iko magharibi kwa kilomita 273 hivi. Mtoto achore pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja 614 na upande wa pili 273. Azidishe kila hesabu kwa yenyewe, ajumlishe, kisha atafute kipeo cha pili cha jumla hiyo. Atapata 672. Basi tuseme kwamba kwa mstari ulionyoka miji hii imeachana kwa kilomita 670 hivi, ambazo ni kama maili 416.

Hicho ndicho kipimo cha eropleni, kwa maana njia yake haitofautiani sana na mstari huo. Mtu aendaye Nairobi akikaa dirishani upande wa kushoto, na mawingu yakimruhusu, ataiona Kilimanjaro karibu naye, maana mstari wapita upande wa mashariki wa mlima. Siku ile sisi tuliuona mlima huo, wenye kimo cha mita 5,895, umetokeza juu ya mawingu kama kisiwa. Tukautazama muda wa dakika chache, ukapita. Ndugu yetu katika basi aliuzunguka kwa chini muda wa saa nyingi, akasema kwamba hakuona ila mawingu.

Kipimo cha pili: barabara

Barabara haina mabawa, haiwezi kuruka milima. Toka Dar es Salaam yaelekea magharibi hata Chalinze, kisha yageuka kaskazini kwa njia ya Segera na Korogwe, ikapita chini ya milima ya Usambara na ya Upare, ikafika Moshi na Arusha. Hapo yageuka tena kaskazini hata Namanga, ndipo mpakani, kisha yapita Kajiado kwenda Nairobi. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 900. Maana yake, barabara yaushinda mstari wa ramani kwa theluthi nzima na zaidi.

Iko na njia ya pili, ya pwani: kwenda Tanga, kuvuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, kufika Mombasa, na kutoka huko kupanda bara. Njia hii ni ndefu zaidi, yakaribia kilomita 1,000, walakini ina faida yake kwa mtu asiyeharakishwa, maana tangu mwaka 2017 iko reli mpya toka Mombasa hata Nairobi, naye aweza kuliacha basi na kupanda gari la moshi, ingawa siku hizi halitoi moshi wa makaa kama lile la zamani.

Watu hulalamika kwamba basi huenda polepole. Tumeuliza, tukahesabu. Ndugu yetu alikaa njiani saa 16 na nusu, yaani toka saa 11 alfajiri hata saa 3 na nusu usiku. Kilomita 900 zikigawanywa kwa saa 16 na nusu, jibu ni kilomita 55 hivi kwa kila saa. Sheria ya Tanzania haimruhusu dereva wa basi kupita kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu yampasa ashuke hata 50. Ongeza kituo cha chakula, na abiria wanaopanda na kushuka, na ukaguzi wa mpakani. Zamani msafiri wa Namanga alipanga mstari mara mbili, mara moja kutoka nchi hii na mara ya pili kuingia nchi ile. Tangu mwaka 2018 maofisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja, na kazi imepungua. Hata hivyo basi zima humngojea yule mmoja ambaye karatasi zake zina kasoro. Basi twasema dereva hana lawama. Anaifuata sheria, na sheria hiyo imeokoa roho za watu wengi.

Kipimo cha tatu: saa

Hapa ndipo tulipojikwaa. Eropleni za jeti, zikiwa juu, huenda kama kilomita 800 kwa saa. Mtoto akigawanya 670 kwa 800 atapata dakika 50. Mbona basi orodha za safari husema saa 1 na robo, au saa 1 na dakika 20, na pengine zaidi? Dakika 30 hizi huenda wapi?

Jibu ni hili. Saa ya orodha haianzi eropleni inaporuka. Yaanza magurudumu yanapoanza kusogea, nayo haimaliziki inapogusa ardhi, ila inaposimama kabisa mahali pa kushusha watu. Kwanza hutembea chini polepole kwenda mwanzo wa njia ya kurukia, na huko pengine hungojea zamu yake. Kisha hupanda, na wakati wa kupanda haina mbio zake zote. Ikikaribia Nairobi hupunguza mwendo, ikazunguka ili ishuke kwa kuelekea upepo, na kama ziko nyingine mbele yake hungojea. Safari ikiwa fupi, mambo haya ya mwanzo na ya mwisho huchukua sehemu kubwa ya safari yenyewe. Tena ziko eropleni za pangaboi, ambazo mwendo wake ni kama kilomita 500 kwa saa; hizo zataka dakika 80 za kuwa angani tu, mbali na kutembea chini.

Dar es Salaam na Nairobi hufuata saa moja, maana nchi zote mbili zimeitangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu. Si hivyo kila mahali. Mtu aendaye Kigali huona ajabu, kwa kuwa Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Akiondoka Dar es Salaam saa 4 asubuhi, na safari ikiwa ya saa 2, saa ya ukutani huko Kigali itamwambia ni saa 5. Adhani amesafiri saa moja tu, na wakati wa kurudi adhani amesafiri saa tatu. Kumbe safari ni ile ile.

Jambo jingine limewaponza watu wengi wa lugha yetu, nasi twaomba walimu walifundishe. Tikiti huandikwa kwa saa za kuhesabu toka usiku wa manane, si kwa saa zetu za kuhesabu toka macheo. Iliyoandikwa 10:00 ni saa 4 asubuhi. Iliyoandikwa 04:00 si saa 4, ni saa 10 alfajiri. Na mtu akifika uwanjani saa 4 asubuhi atakuta wenzake wamekwisha kunywa chai Nairobi. Tena iliyoandikwa Ijumaa 00:30 ni ule usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani atoke nyumbani Alhamisi jioni. Ajaye Ijumaa usiku amechelewa kwa siku nzima.

Umbali ambao haupimwi kwa kamba

Tusidhani ya kwamba saa za safari hutegemea mashine peke yake. Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, penye kijiji cha Mzizima. Wakati huo Nairobi haikuwa mji. Ilikuwa nchi ya malisho na maji ya baridi, na hayo maji ndiyo yaliyoipa jina kwa lugha ya Kimasai. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwaka 1899, na mji ukazaliwa kando ya reli. Kwa miaka mingi baadaye mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kwenda Nairobi aliweza kupanda meli kwanza hata Mombasa, ndipo akapanda gari la moshi.

Mwaka 1929 mwanamke mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha huko Nairobi shirika la eropleni lililoitwa Wilson Airways. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1946, likaanza shirika la East African Airways, lililokuwa mali ya nchi zetu kwa pamoja. Ikawa mtu aweza kula chakula cha asubuhi mji huu, na cha mchana mji ule.

Hata mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika lile likavunjika pamoja nayo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na safari za kawaida kati ya miji hii miwili zikakatika, mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Fikirini, wasomaji. Katika miaka ile Kilimanjaro haikuhama, wala kilomita 670 hazikuongezeka hata moja. Eropleni zilikuwako, na marubani walikuwako. Walakini ndugu waliokuwa pande mbili walikuwa mbali kuliko babu zao waliosafiri kwa meli. Watu waliufanya mji kuwa mbali, na watu ndio walioukaribisha tena. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Kwa hiyo mtu akiuliza umbali wa miji miwili, yampasa aulize pia kama milango ya katikati i wazi.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Sasa twataka kuwapa wenye nyumba hesabu ambayo sisi hatukuipiga. Msafiri asianze kuhesabu uwanjani. Aanze mlangoni kwake, naye amalizie mlangoni pa yule anayemwendea.

Kwanza, ahesabu siku au saa atakazongoja mpaka eropleni ya nafasi yake iondoke. Hizo ndizo tulizozisahau, nazo zilikuwa nyingi kuliko zote. Pili, njia ya kwenda uwanjani. Uwanja wa Dar es Salaam uko kando ya barabara ya Nyerere, iliyoitwa zamani barabara ya Pugu, kilomita 12 hivi toka katikati ya mji. Si mbali, walakini akaaye ng'ambo ya mji asidhani kwamba saa moja yamtosha wakati watu wanapokwenda kazini. Tatu, kungojea uwanjani. Aendaye nchi nyingine yampasa kufika saa 2 au 3 kabla, maana meza ya kupokea mizigo hufungwa mapema, nayo ikifungwa haifunguliwi kwa machozi. Nne, saa ya orodha, yaani ile saa 1 na dakika 20. Tano, pasi na mizigo huko aendako. Sita, njia ya toka uwanjani mpaka mlangoni. Uwanja wa Nairobi uko Embakasi, nje ya mji, na barabara zake hujaa asubuhi na jioni, na siku za mvua hujaa mchana pia.

Tukijumlisha, mtu aweza kutumia saa 1 na nusu kwenda uwanjani, saa 2 na nusu kungojea, saa 1 na dakika 20 safarini, saa 1 kwa pasi na mizigo, na saa 1 barabarani. Jumla yake ni saa 7 na dakika 20, na hizo ni za siku ambayo hakuna lililoharibika. Basi ni saa 16. Hivyo eropleni yashinda, hatukatai. Walakini yaishinda gari kwa mara mbili na kitu, si kwa mara kumi na mbili kama tulivyodhani. Na ikiwa ni lazima kungojea siku mbili ndipo nafasi ipatikane, basi lile la alfajiri litafika kwanza.

Kwa sababu hiyo, ikiwa ni safari ya kupanga mapema, kama arusi, au mtoto anayekwenda chuo, mtu na achague kwa kuangalia mfuko wake na nguvu za mwili wake. Mzee mwenye maumivu ya mgongo atafaidiwa na eropleni kama ikiwezekana. Tena pasi ya kusafiria itazamwe leo, si siku ya kuitwa, maana pasi iliyokwisha muda wake huurefusha mwendo wa saa 7 ukawa wa majuma. Walakini ikiwa umeitwa na mgonjwa, usiulize ni chombo gani chenye mbio. Uliza ni kipi kinachoondoka kwanza. Na ukimwahidi mtu saa, mwahidi saa ya mlangoni.

Dada yetu aliamka wakati wa magharibi siku ile, tukamshukuru Mungu, na hata leo yu mzima. Tulipoingia kumwona alitutazama kwa muda, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, ulisema saa 1 na dakika 20. Ulipokata simu nilitazama saa ya ukutani. Tangu Jumanne nimezihesabu mara nyingi sana." Hatukuwa na jibu. Tukamuuliza juu ya lile neno la watoto, ambalo alitaka kutuambia kabla. Akageuza macho kwa kitinda mimba wetu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, amemshika mkono yule mtoto mdogo. Akasema, "Nimekwisha kumwambia yeye. Ndiye aliyekuwapo."

Neno hilo mpaka leo hatujaliuliza tena. Siku hizi watoto wale wakitaka ruhusa, au ada, au shauri, humpigia simu mjomba wao mdogo kwanza. Nasi hatuna kinyongo, maana ni haki yao. Walakini tikiti ile tumeihifadhi katika kabati, na kila mtu wa nyumbani mwetu anapojiandaa kusafiri, twamwonyesha ile saa iliyoandikwa, kisha twamwambia aketi, achukue kalamu, ahesabu toka mlango huu hata mlango ule.